Namna ya Kumsikiliza Mpiga Piano Katika Koncheto ya Bach

Watu wengi wa Dodoma wanaoufahamu muziki wa Johann Sebastian Bach wameupata kanisani, pale kwaya inapoimba tenzi alizozipanga kwa sauti nne, au wameukuta kwenye simu, katika video ya mpiga piano ambaye vidole vyake vinakwenda mbio mbele ya kundi la fidla. Video za namna hiyo huvuta macho kuliko masikio. Mtazamaji husifu kasi, huchoka baada ya dakika nne, kisha huhamia kwenye mambo mengine akiwa ameona ustadi mkubwa bila kujua hasa ulikuwa ustadi wa kufanya nini. Mwongozo huu unamlenga mtu huyo. Unamtaka aanze na kiitikio, afuate besi, na amfikie mpiga piano mwishoni, kwa sababu katika koncheto, yaani kazi ambamo ala moja hupokezana na okestra, ya zama za Baroki, yaani muziki wa Ulaya wa kati ya mwaka 1600 na 1750 hivi, mpiga kinanda hazungumzi peke yake, na huwezi kupima majibu yake kabla hujasikia wenzake wamesema nini.

Kazi nitakayoitumia ni koncheto ya D maina (maina ni ufunguo wenye sauti ya giza, na meja ni wenye sauti angavu), yenye namba BWV 1052 katika orodha ya kazi za Bach. Ina sehemu tatu, ya kwanza ya haraka, ya pili ya polepole na ya tatu ya haraka, na kwa wapigaji wengi huchukua dakika 20 na ushee. Nimeichagua kwa sababu kiitikio chake hakisahauliki kwa urahisi na kwa sababu sehemu yake ya polepole inafundisha kusikiliza kuliko maelezo yoyote. Wapo watakaosema kwamba ni nzito mno kwa mtu anayeanza. Kwa maoni yangu, anayeanza na kazi nyepesi hujifunza kuufanya muziki huu kuwa sauti ya nyuma wakati anapika au anapiga pasi, na tabia hiyo ni ngumu kuiacha.

Historia yake inafaa kujulikana kwa kiasi kinachosaidia sikio. Bach, aliyezaliwa mwaka 1685, alihamia mji wa Leipzig nchini Ujerumani mwaka 1723 kusimamia muziki wa makanisa ya mji huo. Mwaka 1729 alichukua pia uongozi wa Collegium Musicum, kundi la wanafunzi wa chuo kikuu na wanamuziki wengine lililoanzishwa na mtunzi Telemann miaka ya nyuma, ambalo lilikuwa likipiga muziki kila wiki katika mgahawa wa kahawa wa Gottfried Zimmermann. Kwa hiyo usifikirie ukumbi wenye watu elfu mbili na okestra ya watu themanini. Fikiria chumba cha mgahawa, wapiga nyuzi wachache, na kinanda cha wakati huo, hapsikodi, kilichokaa katikati yao. Desturi ya wakati huo ilikipa kinanda kazi ya kuwasindikiza wengine kwa kujaza akodi, yaani noti kadhaa zinazolia pamoja, juu ya besi. Bach alikipandisha cheo. Mwaka 1738 hivi alikusanya koncheto kadhaa za kinanda katika kitabu kimoja cha maandishi ya mkono wake, na nyingi kati yake alizipata kwa kuandika upya koncheto za zamani alizozitunga kwa ajili ya fidla au ala nyingine. Wataalamu wengi wanaamini kwamba hii ya D maina nayo ilianza kama koncheto ya fidla ambayo nakala yake imepotea. Lishike jambo hilo la fidla, kwa sababu litatufaa tutakapofika kwenye mkono wa kulia wa mpiga piano.

Kabla ya kubonyeza

Spika ya simu haitoi besi ya kutosha. Ukisikiliza koncheto hii kupitia spika hiyo, utasikia fidla na nusu ya juu ya piano, nawe utahukumu muziki ambao nusu yake hukuisikia. Tumia visikizi vya masikioni, hata vya bei nafuu, au redio yenye spika kubwa kidogo. Ni vyema pia kupakua rekodi yote kwa mara moja, usiku ambapo wengi hutumia bando la bei ndogo, kuliko kuisikiliza ikikatikakatika, maana muziki huu umejengwa kwa kumbukumbu, na kila mtandao unapokwama kumbukumbu hiyo huvunjika. Anayeishi karibu na barabara kubwa, kwa mfano ile ya kwenda Iringa au ile ya kwenda Singida, atalazimika kusubiri bodaboda zipungue. Na katika miezi ya upepo, bati linalogonga paa litaifunika kabisa sehemu ya polepole. Hakuna ubaya kuahirisha.

Mara ya kwanza: shika kiitikio

Koncheto inaanza kwa okestra na kinanda kupiga melodia moja kwa pamoja, bila akodi yoyote, wote wakiwa kwenye mstari mmoja. Ni mwanzo mkali, wenye miruko na mapigo yanayokatizana. Hicho ndicho kiitikio. Sikiliza sekunde zake 20 za mwanzo mara kadhaa mpaka uweze kuutoa mdundo wake kwa kugonga meza, hata kama huwezi kuimba noti zake. Kisha uache muziki uendelee hadi mwisho wa sehemu ya kwanza, na kazi yako iwe moja tu: kila kiitikio kinaporudi, kitambue.

Utagundua kwamba hakirudi kikiwa kizima kila mara. Wakati mwingine hutokea kipande chake tu, mapigo mawili matatu ya fidla chini ya mbio za piano, na wakati mwingine kimehamia kwenye ufunguo mwingine, hata kikasikika kama kimetulia kwenye meja kabla ya kurudi kwenye giza la maina. Mtu aliyeimba kwaya anaujua mpango wa ubeti na kiitikio, lakini kwenye tenzi kiitikio hurudi vilevile mahali palepale. Hapa kinahama, kinakatwa, kinavizia. Katikati ya marejeo hayo ndipo kinanda hupewa nafasi ya kusema yake. Ukishaufahamu mpango huo, zile dakika saba au nane za sehemu ya kwanza hazitakuwa tena msitu wa noti, kwa kuwa utajua wakati wowote kama upo kwenye kiitikio, umetoka, au unakirudia.

Mara ya pili: shuka kwenye besi

Waimbaji wa besi wa kwaya zetu wana bahati hapa, kwa kuwa wamezoea kusubiri mstari ambao watu wengi hawausikii. Kwenye rekodi, besi hupigwa na selo, ala kubwa ya jamii ya fidla, pamoja na besi kubwa ya nyuzi, na mara nyingi mkono wa kushoto wa mpiga kinanda huifuata. Wasikilize hao peke yao. Usijali kwamba utaipoteza melodia ya juu, umeshaisikia. Angalia ni wapi besi inatembea kwa hatua sawasawa, ni wapi inanyamaza na kukiacha kinanda kikiwa kimening'inia, na ni wapi inakaa kwenye noti moja kwa muda mrefu huku kila kitu kilicho juu yake kikizidi kukaza. Katika nusu ya mwisho ya sehemu ya kwanza kuna kukaza kwa namna hiyo kabla kiitikio hakijarudi kufunga. Mpiga piano mzuri hutayarisha marejeo hayo kwa muda mrefu, akipandisha nguvu kidogokidogo. Mpiga piano wa haraka tu hufika pale akiwa ameshamaliza nguvu zake zote.

Mara ya tatu: sasa mtazame mpiga piano

Ili kumhukumu kwa haki, lazima ujue tatizo alilonalo. Bach aliandika kwa ajili ya hapsikodi. Kwenye hapsikodi, mchezaji anapobonyeza kibao, kijiti kidogo cha mbao huinuka ndani na kuudonoa uzi kwa ncha iliyotengenezwa zamani kwa unyoya wa ndege. Ubonyeze kwa nguvu, ubonyeze taratibu, sauti haibadiliki kwa kiasi cha maana. Mtu wa Dodoma ana njia ya karibu ya kulifahamu hilo, kwa sababu ilimba ya Wagogo nayo ni ala ya kudonoa: vijiti vya chuma hubonyezwa na kuachiwa kwa vidole gumba, sauti huanza kwa mkwaruzo mkali na kufifia mara moja, na utamu hutokana na namna mifumo midogo ya noti inavyofumana na kujirudia. Aliyewahi kumsikia marehemu Hukwe Zawose, aliyetokea huku Ugogoni na kufundisha katika Chuo cha Sanaa cha Bagamoyo, tayari ana sikio la kufuata mizunguko ya namna hiyo kwa muda mrefu bila kuchoka.

Piano ni ala tofauti. Uzi hupigwa kwa nyundo, na kasi ya kidole huamua ukubwa wa sauti. Bartolomeo Cristofori alikuwa ameshaitengeneza huko Firenze, Italia, mnamo mwaka 1700, lakini ile piano kubwa nyeusi unayoiona kwenye video ilikuja baada ya Bach kufariki mwaka 1750. Kwa hiyo mpiga piano ana uwezo ambao mtunzi hakuuandikia: anaweza kuongeza na kupunguza sauti ya kila noti, na anaweza kukanyaga pedali inayoziachia nyuzi zote ziendelee kulia. Kila uwezo kati ya hiyo unaweza kuusaidia muziki au kuuharibu, na hapa ndipo pa kuelekeza sikio.

Anza na pedali. Ikikanyagwa sana, noti za haraka huungana zikawa ukungu, na ule mfumano wa mistari hupotea. Sikiliza mbio za noti ndogo katika sehemu ya kwanza na ujiulize kama unaweza kuzihesabu. Kama unaweza, mguu wa mpigaji una nidhamu.

Sikiliza kisha uwiano. Piano ya kisasa inaweza kuwazima wapiga nyuzi kumi na watano bila jasho. Kiitikio kinaporudi na piano ikaendelea kusikika juu ya wote, mpigaji amesahau kwamba wakati huo yeye ni mmoja wa okestra. Bach alikiandikia kinanda noti hata pale okestra inapoongoza, na namna mpigaji anavyozipiga noti hizo zisizo na sifa ndiyo inayomtofautisha, kwa maoni yangu, mwanamuziki na mtu wa maonyesho. Wengine huzipiga kwa sauti ya chini, kama akodi za kusindikiza tu. Njia hiyo naiona inafaa. Wengine hunyamaza kabisa, jambo linaloipa piano uzito kila inapoingia upya, ila linaifanya ionekane mgeni aliyealikwa kuhutubia.

Halafu njoo kwenye mkono wa kulia, na ukumbuke ile fidla. Kuna vifungu ambamo noti moja hurudiwarudiwa upesi huku noti nyingine zikibadilika kuizunguka. Kwenye fidla hilo hufanyika kwa kupitisha upinde kati ya uzi ulio wazi na uzi wa jirani, na nyuzi mbili hizo zina rangi tofauti, hivyo msikilizaji husikia sauti mbili. Kwenye piano rangi ni moja. Mpigaji asipofanya lolote, utasikia mashine ya cherehani. Mpigaji mwenye akili huipunguza ile noti inayorudiwa na kuzisukuma mbele zile zinazobadilika, au hufanya kinyume chake mara ya pili, ili melodia iliyofichwa ndani itokeze. Rudia kifungu kimoja cha namna hiyo mara kadhaa. Ukishausikia mstari uliofichwa, utaelewa kwa nini watu wazima hubishana kwa saa nzima juu ya wapigaji wawili waliopiga noti zilezile kwa kasi ileile.

Ikiwa kwaya yenu ina kinanda cha umeme, huenda miongoni mwa sauti zake imo ya hapsikodi. Omba dakika kumi baada ya mazoezi, zima uwezo wa kinanda kuitikia nguvu za vidole kama kinaruhusu, upige mstari wowote wa utenzi kwa sauti hiyo, kisha urudie kwa sauti ya piano. Sauti ya kielektroniki hailingani na ala yenyewe, lakini vidole vyako vitakuambia mara moja ni nini mpigaji wa hapsikodi hawezi kufanya, na kwamba lazima atafute njia nyingine, hasa kuchelewesha noti kidogo au kuikata mapema, ili ionekane kuwa na uzito.

Sehemu ya polepole

Hapa ndipo ningekushauri utumie muda mwingi kuliko kwingine kote. Sehemu ya pili, Adagio, iko kwenye G maina, mapigo matatu kwa kipimo. Inaanza tena kwa wote kupiga mstari mmoja, mzito na wenye miruko mipana, bila akodi. Kisha mstari huohuo unashuka kwenye besi na kujirudia huko, ukihamia funguo mbalimbali, huku mkono wa kulia wa mpiga piano ukiimba juu yake melodia ndefu yenye mapambo mengi. Mwishoni mstari wa mwanzo unarudi kama ulivyoanza, wote kwa pamoja.

Jifunze mstari huo wa besi kwanza. Walimu wengi wa kwaya nchini huandika nyimbo kwa solfa, basi chukua karatasi ujaribu kuuandika kwa solfa kadiri unavyousikia, kipimo baada ya kipimo. Ukikosea noti kadhaa si neno, kwa kuwa faida iko kwenye kule kulazimika kusimamisha na kurudia. Baada ya hapo imba besi hiyo kwa sauti ya chini wakati piano inaimba juu yako. Utahisi jinsi mkono wa kulia unavyokuvuta, ukitaka uchelewe pamoja nao, na utahisi pia kwamba hupaswi kukubali. Mvutano huo ndio muziki wenyewe. Besi inakwenda kwa hatua isiyobadilika, na melodia inajipa uhuru wa kutangulia kidogo na kubaki nyuma kidogo bila kuivunja hatua hiyo.

Mpiga piano hukutana na majaribu mawili hapa. La kwanza ni kuugeuza wimbo huu kuwa wa majonzi ya karne ya 19, wenye kuvimba na kunywea katika kila kipimo na pedali iliyojaa. La pili ni kuogopa jaribu la kwanza kiasi cha kuupiga kama zoezi. Kipimo kizuri cha kumtambua aliyepita katikati yao ni mapambo, yaani zile noti ndogondogo na zile noti mbili zinazopokezana upesi. Kwa mpigaji hodari, pambo linatoka ndani ya noti kubwa na kurudi ndani yake, nawe huwezi kusema lilianza wapi. Kwa mpigaji wa kawaida, linasikika limebandikwa.

Sehemu ya tatu haihitaji maelezo marefu. Ni ya haraka, ina kiitikio chake, na mbinu zilezile za kusikiliza zinatosha. Angalia tu kama mpigaji bado ana la kusema baada ya Adagio au anakimbilia makofi. Ukibahatika kuhudhuria onyesho lenyewe, Dar es Salaam au kwingineko, desturi ya kumbi hizo ni kupiga makofi baada ya sehemu zote tatu, si katikati yake.

Kulinganisha wapigaji

Linganisha dakika moja tu kwa wakati, usilinganishe koncheto nzima. Chagua kiitikio cha mwanzo pamoja na maingilio ya kwanza ya kinanda, au dakika ya kwanza ya Adagio baada ya mkono wa kulia kuanza kuimba, kisha usikilize wapigaji watatu mmoja baada ya mwingine.

Glenn Gould wa Kanada aliirekodi mwaka 1957 akiongozwa na Leonard Bernstein. Noti zake zimetenganishwa, kila moja na ukingo wake, na mistari inasikika kama imechorwa kwa kalamu kali. Katika rekodi zake nyingi utamsikia pia akijiimbia kwa mnong'ono, jambo linalowakera wengine na mimi halinisumbui. Murray Perahia, anayeiongoza okestra mwenyewe akiwa amekaa kwenye piano, huunganisha noti zaidi na huifanya piano iimbe. András Schiff anajulikana kwa kutumia pedali kwa uchache mno, hivyo msikilize ukiwa na lile swali la kuhesabu noti. Edwin Fischer, aliyerekodi miaka ya 1930, atakuonyesha kwamba Bach kwenye piano kulikuwapo muda mrefu kabla ya hao wote, ingawa itabidi uvumilie mchakacho wa sahani za zamani. Kwa upande wa hapsikodi, tafuta rekodi ya Trevor Pinnock na kundi la The English Concert, au video ya Jean Rondeau akiwa na Chama cha Bach cha Uholanzi, ambacho kimeweka kazi nyingi za Bach mtandaoni bila malipo. Nakushauri hapsikodi uisikilize katikati ya wapiga piano wawili, isiwe ya mwisho, kwa sababu baada yake sikio hurudi kwenye piano likiwa kali zaidi, na pedali iliyozidi hulisumbua mara moja.

Usishangae ukisikia kwamba hapsikodi na nyuzi za kundi la namna hiyo ziko chini kidogo kuliko za piano. Makundi yanayotumia ala za kale mara nyingi husawazisha noti ya A kwenye mitetemo 415 kwa sekunde, wakati okestra za kisasa hutumia 440 hivi, tofauti inayokaribia nusu toni.

Ukishaizoea hii ya D maina, endelea na koncheto ya F maina, BWV 1056, ambayo ni fupi zaidi na inaweza kumalizika katika dakika 10 hivi. Sehemu yake ya polepole, Largo, huchukua kama dakika tatu: wapiga fidla hudonoa nyuzi kwa vidole badala ya kutumia upinde, na mkono wa kulia wa piano huimba peke yake juu yao. Melodia hiyo Bach aliitumia pia mwanzoni mwa kantata yake namba 156, kazi ya kuimbwa kanisani, ambako hupigwa na obo, ala ya kupuliza. Sikiliza ile ya obo kwanza. Obo inaweza kuishika noti moja ndefu na kuivimbisha kwa pumzi, jambo ambalo piano haiwezi, kwa kuwa sauti yake huanza kufa mara tu nyundo inapogonga. Kisha urudi kwenye piano uhesabu noti ndogo ambazo Bach ameziongeza mahali pale pale ambapo obo ilikuwa imetulia kwenye noti moja.